Injini Tuliyoihurumia

Pfu. Pfu. Pfu. Sauti hiyo naisikia mpaka leo, hata nikiwa nimekaa kwenye kibaraza napepeta ndengu. Unawasha gari, unafungua kifuniko cha kumwagia oili huku injini ikinguruma, unaweka kiganja juu ya tundu. Injini ikiwa nzima, unahisi kaupepo kadogo ka kubembeleza. Ikiwa ina shida, pumzi ya moto inakupiga mkononi, inanuka oili iliyoungua, pfu, pfu, kama mtu mnene aliyelala chali baada ya kushiba muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Siku hiyo niliweka kile kifuniko juu ya tundu bila kukifunga, kikarukaruka mara tatu, kikaanguka chini ya gari.

Fundi Kilonzo alikiokota, akakifuta kwenye suruali, akanirudishia bila kuniangalia usoni.

"Mwaitu," akasema, "hii injini ni nani aliijenga?"

Mwaitu kwa Kikamba ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Na swali lake halikuwa swali. Gereji yote ilijua ni nani aliijenga. Ni mimi.

Ngoja kwanza nijitambulishe, maana nyinyi wasichana na wavulana wa politeknik mtakaosoma hapa wengi hamnijui. Naitwa Mwende. Ni fundi mstaafu. Nina miaka thelathini na minne. Chekeni kwanza, nitawangoja.

Wengine hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa saa ya ukutani. Mimi nilistaafishwa na ngozi ya mikono yangu. Miaka kumi na minne ya petroli na oili chafu ilitosha, ikaanza kupasuka na kutoa maji, na daktari akaniambia nichague kati ya mikono na kazi. Nilichagua mikono, ndiyo hii inayoandika. Sasa nalima hapa Matinyani na kufuga kuku, na usiku nikiota bado naota injini. Kuna moja ninayoiota sana, nyekundu, naijenga mwenyewe kutoka chini mpaka juu, halafu naiendesha mpaka Mombasa dirisha likiwa wazi. Haijatokea. Niacheni niote.

Juzi nilialikwa politeknik kuongea na wasichana wa ufundi wa magari. Mmoja akaniuliza, "Dada, kosa lako kubwa lilikuwa gani?" Nilijibu haraka, nikasema siku moja nilisahau kufunga nati ya gurudumu. Ni kweli nilisahau, lakini hilo silo kubwa. Kubwa ndilo hili ninaloandika, na lilitoka kwa upendo, ndiyo sababu lilinichukua muda kuliona.

Kilonzo alikuwa na gereji Wote, nyuma ya soko, mabati juu na changarawe chini. Alinipokea nikiwa na cheti cha darasa la nane na miaka miwili ya politeknik ambayo nusu yake tulisoma injini kutoka kwa picha ubaoni. Hakunifundisha kwa maneno. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho, halafu ananipa mimi. "Unasikia nini?" Nasikia kelele. "Sikia tena." Siku hizi mna mashine mnayochomeka, inawaandikia kosa kwenye kioo. Itumieni, ni nzuri. Lakini mjue mashine inaandika tu kile ilichofundishwa kuandika, na ringi, ile pete inayovalishwa pistoni, ikikataa kukaa haina mtu wa kuipigia mashine simu.

Mwaka wangu wa kwanza alinituma hapa hapa Matinyani, kwa mama mmoja aliyelalamika gari lake linakula oili. Nilifika, nikachomoa kijiti cha kupimia, kikavu. Nikamwaga lita moja. Kikaonyesha kidogo. Nikamwaga nyingine. Nilirudi Wote nikijiona daktari. Kesho yake yule mama alikuja mwenyewe, gari likitoa moshi kama tanuri la matofali. Kilonzo alimuuliza swali moja tu: "Mama, kwako gari linasimama wapi?" Kwake ni mteremko. Pua ya gari ilikuwa juu, mkia chini, na oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma, mbali na kijiti. Kwa hiyo, kabla hamjashtaki injini yoyote kwa kula oili, isimamisheni mahali palipo sawa, asubuhi, ikiwa baridi, halafu mpime. Kilonzo alinitania mwaka mzima. Kila nikishika kijiti aliweka kichwa upande na kusema, "Mwaitu, hapa ni mlima ama ni bonde?"

Sasa turudi kwa gari la Mwalimu Mutinda.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba wa tai, ambaye ungemwona kanisani ukadhani hajawahi kuinua sauti. Lakini alikuwa na gari la turbo, la buluu, aliloshindana nalo kwenye barabara za vumbi wikendi akiwa na pesa ya mafuta. Injini yake iliua bearing, ikawa inagonga ndani, ikaletwa kwetu. Kilonzo wakati huo macho yalikuwa yanamsumbua kwa vitu vidogo vya karibu, na akaamua injini hiyo nitaijenga mimi. Yeye atakaa kwenye kiti tu. Ilikuwa ya kwanza yangu peke yangu, na ilikuwa ya mbio.

Mwalimu alisikia, akavua miwani. "Fundi, sina ubaya na huyu dada. Lakini hiyo si mashine ya kusaga."

"Mwalimu," Kilonzo akasema, "ikiharibika, Mwende atarudi kuosha vyuma, na sitampa injini nyingine. Sawa?"

Hakuniuliza mimi kama ni sawa. Lakini mlisikie vizuri, maana hilo ndilo lililokuwa mezani: nikikosea, narudi kwenye karai la petroli na brashi, na mlango wa injini unafungwa. Wote ni mji mdogo. Hakuna gereji nyingine ingenipa nafasi hiyo tena.

Niliijenga kwa wiki mbili. Pistoni mpya, ringi mpya, bearing, sili za valvu. Kuta za silinda tulizikwaruza kwa jiwe mpaka zikabaki na mistari myembamba inayokatizana, kama ususi wa kiondo. Kila ringi niliipima mara tatu. Nilikuwa naenda nyumbani na ile kazi kichwani, naota naota mpaka nachelewa kulala.

Na ilipowaka, kwa kweli niliipenda. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Huku kwetu mama akijifungua, hashiki jembe. Anakaa ndani, anapewa uji, wanawake wanamchotea maji, na mtu akimtuma kazi anasemwa na kijiji kizima. Injini iliyojengwa upya tuliichukulia hivyo hivyo. Kilonzo alikuwa na desturi yake ya miaka mingi: injini mpya inawashwa asubuhi, inaachwa imesimama ikinguruma mpaka jioni, eti vyuma vijuane. Halafu mwenye gari anaambiwa aendeshe polepole kilomita elfu moja. Mimi nikaongeza huruma yangu juu ya hiyo. Nilimwambia Mwalimu anunue ile oili ya bei, nyepesi, ya magari ya mbio, aiweke tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, "Mwalimu, hii itunze kama mama aliyejifungua. Usiikanyage. Usipande mlima mkali. Ukisikia inalalamika, simama."

Maskini, alinitii. Mtu aliyekuwa anapita Wote kama risasi sasa alikuwa anapita akiwa amewasha taa zote mbili za pembeni, nyuma yake foleni ya boda, na siku moja mkokoteni wa punda ulimpita kabisa. Vijana wa stendi walimtania. "Mwalimu, hiyo gari imeokoka?" Mwingine akajibu kwa niaba yake, "Imeokoka, inangoja ubatizo." Yeye aliinua tu mkono na kuendelea, kilomita thelathini kwa saa, tai shingoni.

Kilomita mia tatu, akaongeza lita moja. Mia tatu nyingine, akaongeza lita nyingine. Siku ya Alhamisi aliniletea, ndipo nikafungua kile kifuniko na kusikia pfu, pfu, pfu.

"Nakupatia mpaka Jumamosi," Mwalimu alimwambia Kilonzo, si mimi. "Jumatatu naipeleka kwa fundi mwingine aifungue. Akikuta ringi imewekwa juu chini, nitataka nielezwe."

Nisiwafiche, nilienda nyuma ya gereji, nikalia kidogo, nikanawa uso. Halafu nikaanza kutafuta. Kulia na kutafuta vinaweza kufanyika siku moja.

Oili ya gari ina njia chache tu za kutoroka. Inavuja nje, au inapita kwenye turbo, au inateremka kupitia valvu, au inapanda kupitia ringi. Unazifunga moja moja, kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea bomani. Nilitandika katoni safi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu. Basi haivuji. Nikaliwasha likiwa baridi nikiwa nimesimama nyuma yake. Sili za valvu zikichoka, oili hudondoka usiku, na asubuhi gari linakohoa wingu moja la buluu halafu linaacha. Halikukohoa. Nikafungua mpira unaotoka kwenye turbo, nikapitisha kidole ndani: jasho kidogo tu, la kawaida. Nikamwomba Kilonzo aendeshe, mimi nifuate na boda. Akateremka mteremko bila kukanyaga, na alipokanyaga tena kule chini, moshi wa buluu ukamwagika. Nikachomoa plagi. Zote nne zilikuwa zimelowa, nyeusi.

Mwisho nikapima kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda. Geji ilisoma chini. Nikamwaga kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, nikapima tena, mshale ukapanda. Hiyo maana yake ni moja: ile oili ya kijiko imeziba mahali ambapo ringi haikuziba.

Ringi. Zangu.

"Lakini Fundi," nikasema, "silinda zote nne ziko chini sawasawa. Ningeweka ringi moja vibaya, moja ingekuwa tofauti."

"Labda ulikosea mara nne sawasawa," Kilonzo akasema. "Wewe ni mtu wa nidhamu."

Alisema akitabasamu, lakini hakucheka. Na mimi nilianza kuamini. Nilijaribu kukumbuka kila ringi, alama yake ilitazama juu ama chini, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo kumbukumbu ilivyozidi kuyeyuka. Ijumaa saa sita nilikuwa tayari kwenda kwa Mwalimu nikubali kosa ambalo sikuwa na uhakika nimelifanya, ili tu yaishe. Vijana, msifanye hivyo kamwe. Mtu akikiri kosa asilolifanya, lile la kweli linabaki ndani ya injini.

Nikiwa najipangusa mikono niende, Mama Ndunge akaingia na pikap yake.

Mama Ndunge alikuwa anauza mchanga wa mtoni. Sauti yake ilifika kabla ya gari. Injini ya pikap yake Kilonzo aliijenga mwezi ule ule, na ringi nilizivalisha mimi, yeye akinisimamia. Jiwe la kukwaruzia lilikuwa lile lile. Ringi zilitoka duka lile lile. Alikuja kubadilisha oili tu, nami nikachomoa kijiti, mahali palipo sawa, msijali. Oili ilikuwa imefika alama ya juu kabisa.

"Mama Ndunge, umeongeza oili mara ngapi?"

"Oili gani? Si mliweka nyinyi."

"Tangu uichukue hujaongeza hata kidogo?"

"Mwende, mimi nina muda wa kufungua bonneti? Ongeza wewe kama unataka."

Nikafungua kifuniko injini ikinguruma. Kaupepo kadogo. Nikakumbuka siku aliyoichukua. Kilonzo alikuwa amemwambia aiache ingurume siku nzima, akakataa. Akamwambia aiendeshe polepole, akamjibu, "Fundi, mchanga haujui polepole." Alitoka hapo moja kwa moja mpaka mtoni, akaijaza mpaka matairi yakalia, akapanda nayo mlima. Kilonzo alimlaumu wiki nzima kwamba anaua injini.

Niliketi juu ya tairi kuukuu. Mikono ile ile, ringi zile zile, jiwe lile lile. Tofauti ilikuwa moja: moja tuliihurumia, nyingine haikuhurumiwa.

Nieleze vile nilivyoelewa, na nilivyokuja kusoma baadaye. Ringi mpya na ukuta mpya havijajuana. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni ule mlipuko wa moto juu ya pistoni, na mlipuko unakuwa na nguvu injini ikibebeshwa kazi. Zikibana, zinasuguana na ile mistari ya kiondo mpaka zinakaa. Injini ikinguruma tu imesimama, au ikibembelezwa, ringi zinateleza juu juu. Oili inabaki ukutani, inaungua, inajaza ile mistari, ukuta unakuwa laini na unang'aa kama sufuria iliyoshika mafuta. Na ile oili ya bei niliyoisifu ilisaidia kuteleza zaidi. Panga halinolewi kwa kupapaswa.

Nilimweleza Kilonzo. Alivuta kofia yake mbele na nyuma.

"Miaka ishirini nimeziacha zingurume," akasema.

"Na zilikuwa hazili oili?"

"Zilikuwa zinakula. Tulisema ni uzee."

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuja na uso wa mtihani. Nilimwambia mwenyewe, sikumwacha Kilonzo aseme. Kwamba nilimpa ushauri mbaya. Kwamba naomba nimwage oili yake ya bei, niweke ya kawaida, halafu tupande mlima kwa nguvu.

"Dada, unaniambia nimchape mgonjwa."

"Si mgonjwa, Mwalimu. Ni mwanafunzi aliyewekwa nyumbani muhula mzima. Hajui kitu kwa sababu hakupewa kazi."

Alinitazama. "Na ikivunjika?"

"Ikivunjika, utakayemkuta kwenye karai la petroli ni mimi."

Tuliacha injini ipate moto kwanza, hilo msilisahau. Halafu tukashika mpando wa kuelekea Mbooni, Mwalimu akiendesha, mimi kando yake, Kilonzo nyuma ameshika kofia. Gia ya tatu, mwendo wa chini, halafu kanyaga mpaka sakafuni, iache ivute. Ikifika juu, achia mguu kabisa, iache injini ijishikilie yenyewe mpaka ipoe mwendo. Tena. Mara ya kwanza nyuma yetu ilikuwa kama tunafukiza mbu wa kaunti nzima. Mara ya tatu Mwalimu alianza kutabasamu, na mara ya tano alikuwa yule mtu wa wikendi. Kilonzo akawa anaongea na Mungu kwa sauti ya kawaida tu: "Baba, mwambie mwalimu kuna kona. Baba, ameiona. Asante." Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha pembeni. Mara ya nane, buluu ilikuwa imepungua. Mara ya kumi na mbili niliona barabara nyuma yetu, na mbuzi, na mama akianua nguo, vyote wazi kabisa.

Lakini moshi unaweza kudanganya. Nilimwomba Mwalimu aendeshe wiki mbili hivyo, kwa kazi, na kila asubuhi ya pili apitie gereji nipime. Kilomita mia ya kwanza oili ilishuka upana wa kidole. Mia ya pili, nusu. Halafu ukafika wakati nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, na oili ilikuwa pale pale nilipoiacha. Niliketi chini kwenye changarawe mbele ya mwalimu wa hesabu, nikacheka kama mjinga, naye akasimama akinisubiri nimalize. Nilipopima kompresheni, mshale ulipanda bila kijiko cha oili. Bado ilikula kidogo, kama kikombe cha chai kati ya kubadilisha oili mara moja na nyingine, lakini turbo ni turbo. Haikufunguliwa. Hakuna fundi mwingine aliyeziona ringi zangu, na mpaka leo naamini alama zilitazama juu.

Niwaonye kidogo. Sisi tuliwahi. Ukuta ukishang'aa kwa muda mrefu, mlima hausaidii, mtafungua na kukwaruza upya. Na msichukue injini ya mtu mkaichapa kabla ya kufunga zile njia nyingine tatu. Mimi nilizifunga kwanza.

Mwalimu aliniambia neno moja tu, "Umepita," akaondoka akipiga gia. Kilonzo hakusema nimepita wala nimefeli. Jumatatu nilikuta injini ya lori imewekwa juu ya meza yangu, na spana zimepangwa kando yake.

Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alimaliza injini ya gari la mchungaji wetu. Asubuhi akaiwasha, akaiacha imesimama ikinguruma, kama miaka yote ishirini, akaenda kikao cha harusi. Sidhani alinipuuza. Mkono wake ulifanya kabla kichwa hakijakumbuka. Saa saba wenzangu wakaenda kula. Nilibaki mimi na lile gari la mchungaji, likinguruma taratibu kwenye kivuli cha mabati, mlango wake wazi. Nilizunguka mara mbili. Nilipanga upya spana ambazo zilikuwa zimepangwa. Halafu nikaingiza mkono ndani, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikauweka katikati ya kiti cha Kilonzo, mahali ambapo hawezi kukaa bila kuuona.